Nguzo ina matundu na fundi anasema lipu itafunika: nikague nini kabla ya kumwaga slabu?

Swali: Shikamoo mhandisi. Ninajenga nyumba ya ghorofa moja. Kazi inanibana, nafika saiti Jumamosi tu. Juzi walipofungua fomu za nguzo (mbao zinazoshikilia zege) nikakuta nguzo moja ina matundu chini, mengine kidole gumba kinaingia. Fundi akaniambia nisijali, lipu itafunika. Sasa wanasuka nondo za slabu, yenye balkoni mbele, na wanataka kumwaga Jumatatu ijayo. Chini pia kuna nyufa mbili ukutani. Mimi si mtu wa ujenzi. Nitajuaje kama kazi ni nzuri? Na nitamwambiaje fundi bila kugombana naye, maana ndiye ninayemtegemea?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na nguzo, maana Jumatatu ikipita itakuwa imebebeshwa slabu na kuitengeneza itakuwa kazi nyingine kabisa.

Matundu ya namna hiyo yanafanana na sega la nyuki: kokoto zimebaki zenyewe, uji wa saruji haukuzifikia. Sababu zake ni chache. Zege limemwagwa kutoka juu mno, kokoto zikatangulia chini. Au halikushindiliwa kwa vaibreta, mashine ya kutikisa zege. Au nondo zimebanana, kokoto zikakwama njiani. Au fomu ilikuwa na upenyo chini, uji ukavujia nje ukaacha mifupa. Mguu wa nguzo ndio unaopatwa zaidi, na ndio unaopokea uzito wote wa juu kabla haujaingia kwenye msingi.

Jumamosi nenda na nyundo ndogo na msumari mrefu. Gonga nguzo kuanzia kimo cha kifua ukishuka. Zege zima hulia kwa sauti kali na nyundo huruka mkononi. Zege lenye uwazi hulia bubu, nyundo inakaa. Zungushia chaki kila panapolia bubu, kisha sukuma msumari ndani ya matundu. Ukigota ndani ya sentimita moja na hakuna kokoto inayochomoka, kasoro ni ya juu juu: fundi atachongoa kilicholegea, ataosha, atalowesha, kisha atajaza kwa mota kali na kuimwagilia maji kwa siku kadhaa. Msumari ukipita sentimita mbili na nusu, ukagusa nondo, au ukiiona nondo kwa macho, hapo si kazi ya mwiko tena. Aitwe mhandisi aliyechora nyumba. Anaweza kuagiza zege bovu lichongwe mpaka nyuma ya nondo na lijazwe upya kwa mchanganyiko usiosinyaa, au nguzo ivunjwe na imwagwe tena. Kuvunja nguzo moja isiyobeba kitu ni hasara ya siku mbili tatu. Ikishabeba slabu, itabidi kwanza uijengee mirunda (miti ya kushikilia slabu) kila upande.

Usichokubali ni lipu kabla ya mhandisi kufika. Hilo litamke waziwazi na uliandike.

Nina sababu ya kuliogopa neno "itafunika". Nikiwa bado kijana kazini, nilifika saiti moja asubuhi nikakuta nguzo nne zimemwagwa usiku uliotangulia na fomu zake tayari zimefunguliwa. "Tuliona utachelewa, mhandisi." Nguzo zilikuwa laini kama zimepakwa siagi, na ulaini huo ndio ulionishtua, kwa sababu zege lililotoka kwenye fomu za mbao huwa na alama za mbao. Nikagonga mguu wa nguzo ya pili, ukalia bubu. Saidia fundi mmoja akaanza kuangalia pembeni. Tulipochonga tukakuta karatasi ya mfuko wa saruji, imekunjwa vizuri na kusokomezwa chini ya fomu kuzuia uji usivuje. Zege lilimwagwa juu yake na karatasi ikabaki ndani, karibu theluthi ya upana wa nguzo. Aliyeisokomeza hakuwa na nia mbaya, aliziba upenyo kwa kitu kilichokuwa karibu. Makosa mengi ya saiti huanza hivyo.

Kwa hiyo unapouliza ukague nini, mimi huanza na swali la lini. Kazi mbaya ya ujenzi karibu yote huonekana kwa siku moja au mbili tu, kisha inafunikwa: mtaro wa msingi kabla ya zege, nondo kabla ya zege, bomba kabla ya kifusi, waya kabla ya lipu, kizuia maji cha bafuni kabla ya vigae, kenchi kabla ya dari. Baada ya hapo unakagua ngozi. Mwenye nyumba anayefika kila Jumamosi anaweza kuhudhuria Jumamosi hamsini na asione hata kitu kimoja kati ya hivyo, kwa sababu vyote vilifunikwa Jumatano. Chukua ratiba ya fundi, itie duara kwenye siku za kufunika, na uombe ruhusa kazini kwa siku hizo. Jumamosi nyingine pumzika.

Jengo la Ronan Point la London lilifunza hili kwa uchungu. Lilikuwa la ghorofa 22, limeungwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka kwenye ghorofa ya 18, paneli za ukuta zikatoka, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kutoka juu hadi chini. Watu wanne walikufa. Lawama kubwa ilienda kwenye usanifu. Lakini jengo lilipobomolewa mwaka 1986, safari hii polepole na kwa kuchunguzwa, maungio yalipofunuliwa yalionekana kuwa yalifungwa kwa uzembe: mahali palipotakiwa kujazwa mota palikuwa na uwazi. Kwa miaka 18 hakuna jicho lililoyaona.

Turudi Jumatatu yako. Usikague slabu asubuhi ya kumwaga. Mchanganyaji unanguruma, vibarua wamepangwa mstari, na ukisema neno utajibiwa "zege halilali". Ni kweli halilali, likishakorogwa. Kagua Jumamosi, likiwa bado ni saruji kwenye mifuko.

Panda juu ya fomu ukiwa na mchoro wa nondo na futi kamba. Kama huna mchoro wa nondo, una ramani ya vyumba tu, simamisha kila kitu mpaka upatikane, kwa sababu fundi anasuka kwa kumbukumbu ya nyumba nyingine. Pima unene wa nondo kwa kusoma namba iliyochapwa ubavuni au kwa kipimo, usikubali kuambiwa. Nondo ya milimita 10 na ya 12 zinafanana machoni, lakini ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu theluthi moja. Halafu pima nafasi kati ya nondo na nondo. Mchoro ukisema milimita 150, pima mahali pengi, hasa katikati ya chumba na pembeni ambako fundi hakutegemea ufike. Hesabu nondo ndani ya mita mbili, ni haraka kuliko kupima moja moja.

Nondo zinapoungana zipishane kwa urefu wa kutosha. Kipimo cha saitini ni kati ya mara 40 na mara 50 ya unene wake, kwa hiyo nondo ya milimita 12 ipishane kama sentimita 50 hadi 60. Nimeona kupishana kwa shibiri moja kumefungwa waya mara tano, kana kwamba waya ndio unaobeba. Waya wa kufungia kazi yake ni kushikilia nondo zisihame wakati wa kumwaga, basi. Angalia pia kama maungio yote yamepangwa kwenye mstari mmoja. Yakiwa hivyo, umetengeneza mahali pa kukatikia.

Kisha inama, uangalie chini ya nondo. Nondo ikilala juu ya mbao, fomu ikifunguliwa utaiona tumboni mwa slabu, na baada ya miaka michache kutu itavimba na kubandua zege. Inatakiwa ikae juu ya biskuti, vile vibonge vya mota au vya plastiki. Kwa slabu ya ndani, nafasi ya zege ya milimita 20 hadi 25 kati ya nondo na fomu ni kawaida. Nguzo huhitaji kama 40. Zege la msingi linalogusa udongo moja kwa moja huhitaji 75. Vipande vya kokoto au vya mbao si biskuti. Kokoto huteleza, mbao huoza na kuacha njia ya maji. Kanyaga nondo kwa uzito wako wote. Zikibonyea na kugusa fomu, biskuti ni chache.

Sasa balkoni. Hapa naomba utulie, kwa sababu ndicho kitu kinachoniogopesha zaidi katika barua yako.

Slabu iliyoegemea kuta pande zote hulalia tumbo, hivyo mvutano uko chini na nondo kuu hukaa chini. Balkoni inayoning'inia imeshikwa upande mmoja tu. Ikipewa uzito inataka kuinama kuelekea mbele, na kinachovutika ni mgongo wake. Nondo kuu za balkoni hukaa juu, na lazima ziingie ndani ya slabu ya chumba kwa urefu wa kutosha, mara nyingi si chini ya urefu wa balkoni yenyewe na wakati mwingine zaidi, kama mchoro utakavyosema. Fundi aliyezoea nyumba za chini anaweza kuziweka chini kwa mazoea tu. Anayejua ataziweka juu, kisha siku ya kumwaga vibarua wenye karai watazikanyaga kutwa nzima mpaka zizame katikati. Slabu ya sentimita 15 ambayo nondo zake za juu zimezama sentimita 5 imepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake mahali pale, na hakuna atakayejua. Itasimama vizuri mpaka siku watu kumi watakapojaa balkonini kutazama harusi inapita.

Kwa hiyo Jumamosi tafuta viti vya nondo, ile miguu ya chuma inayobeba safu ya juu. Viwepo vya kutosha na vimefungwa. Sukuma safu ya juu kwa mguu, isishuke. Dai mbao za kupitia juu ya nondo, ili anayebeba zege asikanyage chuma. Na siku ya kumwaga, kama una dakika kumi tu za kusimama saiti, zisimamie pale balkonini. Mirunda ya balkoni iwe ya mwisho kuondolewa, na iondolewe kuanzia ncha ya nje kuja ukutani.

Fomu zenyewe zitazame kutoka chini. Mirunda isimame wima, juu ya kipande cha ubao mpana badala ya udongo mtupu, wala si juu ya tofali lililolazwa. Mvua ikinyesha usiku, mrunda uliosimama kwenye udongo utashuka na slabu itashuka nayo. Penyo ziwe zimezibwa. Ukiona mwanga unapita, uji utapita. Ndani ya fomu pasiwe na maranda, vipande vya waya, wala karatasi za saruji (umeshajua kwa nini nasema hivyo). Mabomba ya umeme yapite kati ya safu za nondo, yasirundikwe pamoja mahali pamoja. Bomba la maji machafu lililosahaulika leo litapitishwa kesho kwa kutindua, na mtinduaji hatauliza nondo gani ni kuu.

Upande wa zege lenyewe, adui mkubwa ni ndoo ya maji. Mwaka 1918 Duff Abrams, aliyekuwa akifanya utafiti Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea zaidi uwiano wa maji kwa saruji, na kanuni hiyo haijazeeka. Mfuko wa kilo 50 unahitaji takriban lita 25 hadi 30 za maji kwa jumla, pamoja na yale yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Vibarua wanapenda zege la uji kwa sababu linateleza lenyewe na mkono hauchoki. Lakini maji ya ziada lazima yatoke, na yakitoka yanaacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukipandisha maji kutoka nusu ya uzito wa saruji hadi asilimia 70, umetupa zaidi ya robo ya nguvu. Zege zuri la slabu ukilichota kwa beleshi linakaa kama kichuguu kidogo, linang'aa juu, halitiririki. Kipimo chenyewe ni koni ya chuma ya kimo cha sentimita 30: inajazwa kwa tabaka tatu, kila moja inachomwa kwa fimbo mara 25, inainuliwa, unapima zege limeporomoka kiasi gani. Sentimita 5 hadi 10 kwa slabu ya kawaida ni sawa. Likimwagika lote kama uji wa mgonjwa, usilipokee.

Uwiano upimwe kwa boksi. Karai moja la kujaa na karai moja la kufuta juu hayafanani, na beleshi ndiyo kabisa, inategemea aliyeishika ameamkaje. Kuna ukaguzi mmoja ambao hata mtu asiyekuwapo saiti anaweza kuufanya: hesabu mifuko mitupu. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula karibu mifuko sita na robo kwa kila mita moja ya ujazo. Sehemu ya slabu yenye mita 8 kwa 5 na unene wa sentimita 15 ni mita 6 za ujazo, kwa hiyo itegemee mifuko kama 38. Ukikuta mitupu 28, ama slabu ni nyembamba, ama zege ni jepesi, ama mifuko mingine ilitembea. Ukikuta 38 bado hujui kama ilichanganywa sawasawa, lakini umefunga mlango mmoja. Mwambie fundi mapema kwamba mifuko mitupu isichomwe mpaka uihesabu. Hata kabla hujahesabu, utaona matumizi yanabadilika.

Mchanga nao ujaribu nyumbani. Tia kwenye chupa angavu mpaka nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo utatanda juu yake kama ukanda wa rangi nyingine. Ukanda huo ukifika sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, rudisha lori.

Kabla ya kumwaga, agiza vipande vya majaribio vichukuliwe: bonge la zege la milimita 150 kila upande, angalau sita, matatu yapasuliwe maabara siku ya 7 na matatu siku ya 28. Siku ya 7 zege la saruji ya kawaida huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Mhandisi au mtu wake ndiye ajaze hayo maboksi, kwa zege lililotoka kwenye mchanganyaji ule ule unaomwaga slabu. Nimewahi kuona mabonge ya majaribio yaliyopikwa peke yake kwa saruji maradufu, kama chakula cha mgeni.

Baada ya kumwaga, maji yanarudi kuwa rafiki. Slabu ifunikwe au ifanyiwe vijibwawa na iwe na maji mfululizo kwa siku zisizopungua saba. Mfululizo maana yake usiku na Jumapili pia. Kumwagilia asubuhi na kuiacha ikauke mchana kutwa hakusaidii sana, na kwenye jua kali na upepo utaona nyufa nyembamba kama utando juu ya slabu siku ile ile. Mirunda ya slabu kwa desturi hukaa wiki mbili na ya bimu wiki tatu, lakini mwenye neno la mwisho ni mhandisi. Si fundi anayeihitaji kwenye saiti nyingine.

Sasa nyufa zako mbili. Methali ya kuziba ufa unaijua. Kwenye ujenzi mimi huipindua: usiuzibe kabla hujausoma. Ufa uliozibwa ni ushahidi uliofutwa.

Angalia umbo lake. Vinyufa vyembamba vilivyotapakaa kama ramani juu ya lipu, kucha haiingii, ni lipu iliyokauka haraka au yenye saruji nyingi. Havibomoi nyumba. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupanda kimshazari mara nyingi unasema linta, boriti ya juu ya dirisha, haikuingia ukutani vya kutosha (napenda iegemee angalau sentimita 15 kila upande), au haipo kabisa. Ufa unaoshuka ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, unazungumzia msingi: upande mmoja unakwenda, mwingine umebaki. Ufa wa mlalo kwenye ukuta, au wowote kwenye nguzo na bimu, usiujadili na fundi, piga simu kwa mhandisi.

Kisha uliza kama ufa unatembea. Chora mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe kando yake. Pachika kipande chembamba cha kioo au cha plasta ya jasi kuvuka ufa. Ukirudi baada ya wiki mbili na kioo kimekatika, au ufa umepita alama, ukuta unatembea. Ufa wa milimita 5 uliotulia unaweza kuwa na unafuu kuliko wa milimita 1 unaokua. Na ukiona nyufa kubwa zimetokea ghafla kwenye jengo lenye watu, wasubiri nje. Kule Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, nyufa za Rana Plaza zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Maduka na benki iliyokuwamo vilifungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo walirudishwa kazini kesho yake, jengo likaanguka na zaidi ya watu 1,100 wakafa.

Kuta ambazo hazijapigwa lipu ni rahisi kukagua, zifanyie hivyo kabla hazijafunikwa. Timazi au pimamaji ndefu kwenye kila kona: ukuta wa mita tatu ukilala milimita tano hadi kumi nafumba jicho, ukifika ishirini namwita fundi, kwa sababu atakachofanya ni kuunyoosha kwa lipu nene na lipu nene hubanduka. Maungio ya wima yapishane kila kozi (mstari wa tofali), yasipangane kama ngazi ya kupandia. Chungulia kati ya tofali na tofali. Ukiona mwanga, maungio hayakujazwa mota. Tofali lenyewe likwaruze kwa msumari. Likikatika kama biskuti ya chai, liondoke. Chumba kipimwe kona hadi kona kwa mishazari miwili, ikilingana chumba kimenyooka. Ukuta unapoanzia, kizuia unyevu kiwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, na uwaangalie watu wa bustani wasije wakarundika udongo juu yake baadaye.

Mengine yako mbele yako bado, nitayapitia kwa haraka. Kifusi chini ya jamvi (sakafu ya zege ya chini) kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hivi, si kumwagwa chote na kupigwa juu. Bomba la maji machafu la milimita 100 literemke kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa mita kumi ni sentimita 25, kitu ambacho unaweza kukipima kwa uzi kabla halijafukiwa. Mabomba ya maji safi yajazwe na kupewa mgandamizo kabla ya lipu. Bafu la juu lizibwe tundu, lijazwe maji ya kina cha vidole viwili, uache saa 24, ukatazame dari ya chini. Hilo lifanyike kabla ya vigae. Umeme mwachie fundi umeme mwenye leseni aupime kwa vifaa vyake. Jicho halisaidii sana hapo.

Umeuliza utamwambiaje fundi. Zungumza na fundi mkuu, peke yake, kamwe si na vibarua wake wakisikia. Mimi nina neno moja ninalolitumia tangu zamani: "Nionyeshe." Nionyeshe nondo hizi kwenye mchoro. Nionyeshe biskuti. Nionyeshe zitakavyopishana. Fundi anayejua kazi hufurahi kuonyesha, na utajifunza kwake vitu ambavyo mimi sikuviandika. Asiyejua atakuambia amejenga miaka ishirini. Usibishane na miaka yake, mwombe tena akuonyeshe.

Yale mtakayokubaliana yaandikwe kwenye daftari la saiti, siku hiyo hiyo, kwa maneno mafupi: nguzo yenye matundu isipigwe lipu mpaka mhandisi aione. Nyote wawili mtie sahihi. Piga picha huku futi kamba imelazwa ndani ya picha, la sivyo baada ya mwezi hutajua kama unatazama tundu la kidole au la ngumi. Piga pia picha za nondo zote na mabomba yote kabla ya kumwaga, kutoka kona zilezile. Utazihitaji siku ya kwanza utakayotaka kutoboa dari kuning'iniza taa. Malipo yafuate hatua zilizokaguliwa, na kipande fulani kibaki mkononi mwako mpaka kasoro zimalizwe. Hilo lingekuwa kwenye mkataba tangu mwanzo, lakini hata sasa mnaweza kuliongeza.

Mpigie mhandisi leo, usingoje Jumamosi. Mwambie mambo matatu: nguzo yenye matundu, nondo za balkoni, nyufa mbili. Akisema hawezi kufika kabla ya Jumatatu, slabu isogezwe. Nondo zikikaa wazi wiki moja zaidi zitapata kutu nyekundu nyepesi ya juu, na hiyo haidhuru kitu.